Aliyemwosha Bi Mwanjaa

Bi Mwanjaa alifariki saa ya chakula cha mchana, na binti yake Tunu hakumpigia simu mtu yeyote. Aligonga ukuta.

Ukuta kati ya nyumba yao na yetu ni mwembamba hivi kwamba ukipiga chafya upande huu, wa upande ule wanakuombea rehema. Tangu Homa Kavu itufungie ndani, ukuta huo ndio umekuwa baraza letu. Tunasalimiana hapo, tunagombana hapo, na Nasra, binti yangu, amejifunza hapo nusu ya matusi ya Tanga. Nikaacha sahani ya maharage mezani nikatoka kwenye roshani ya nyuma. Roshani zetu zinapakana. Katikati kuna nondo na upepo tu.

"Mama ametangulia, dada Mwantumu," Tunu akasema. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika ndoo, na nyuma yake mlangoni alisimama mdogo wake Riziki, amejitanda kanga ya mama yao.

"Inna lillahi," nikasema. "Poleni, wadogo zangu. Poleni sana."

"Nifundishe kuosha. Niambie tu naanzia wapi."

"Unaanzia kwenye simu. Piga kituo cha kuoshea maiti waje wamchukue."

"Akaoshwe na mashine?"

"Akaoshwe na mimi. Kazi yangu huijui?"

Aliijua, jengo zima linaijua. Kabla ya Homa Kavu nilikuwa muosha maiti wa mtaa, kazi niliyofundishwa na mama yangu mdogo. Sasa naifanyia chumbani kwangu, karibu na kabati la nguo. Navaa glavu zenye nyaya, natazama kioo cha kompyuta, na kule kituoni, nje ya mji, mikono miwili ya mpira mweupe inafanya ninachofanya. Nikiinua kiganja, nayo inainua. Nikimimina, nayo inamimina. Sisi waoshaji mashine hiyo tunaiita Shangazi, kwa sababu ina mikono mikubwa na haipendi kuulizwa. Masheikh walikaa wakajadiliana, wakasema mkono wa mtu hata ukiwa mbali bado ni mkono wa mtu, maadamu mwenye mkono amenuia.

Hawakuwa na njia nyingine. Mgonjwa wa Homa Kavu akiwa hai, barakoa na dirisha wazi humsaidia sana anayemuuguza. Akishakufa ndipo ngozi inapoachia sumu yote, na maji yakipita juu yake yanaichukua yanampelekea muoshaji. Ghorofa ya chini, kwa Bi Sauda, walimwosha bibi yao wenyewe kwa siri, redio ikiimba ili majirani wasisikie maji. Nyumba ile mpaka leo haina mtu.

Nikamkumbusha Tunu habari ya Bi Sauda. Akatazama ndani ya ndoo yake.

"Mama hakutaka vyuma," akasema. "Alituambia kabisa. Alisema alilelewa na watu, aoshwe na watu."

"Ataoshwa na mtu. Nitamwosha mimi."

"Wallahi?"

Nikainua mkono wa kulia ili auone vizuri. "Wallahi, kwa mkono huu."

Akaweka ndoo chini.

*

Nikiwa kazini nafunga kitenge kwenye kitasa cha mlango wa chumba. Nasra anajua kwamba kitenge kikiwa pale haruhusiwi kuniita, labda nyumba iwe inaungua. Siku ile alikuwa jikoni na darasa lake la hesabu, na Mama Hiza, mama mkwe wangu, alikuwa pembeni anachambua mchele huku akimsahihisha mwalimu kwa sauti. Mume wangu Hiza amekwama Tunduma na lori lake tangu mipaka ifungwe. Nyumba yetu ni ya wanawake watatu, na mmoja wao ana miaka saba.

Bi Mwanjaa alikuwa amelazwa kwenye meza ya kituo, amefunikwa kitambaa kuanzia kifuani hadi magotini. Nikavaa glavu, nikanuia. Nikamkanda tumbo polepole, nikamtawadhisha, nikamwosha kichwa, kisha nikaanza ubavu wa kulia kwa maji yenye majani ya mkunazi. Mwanamke huyu aliwahi kunirushia fagio kutoka roshani yake kwa sababu nguo zangu zilidondokea mchele wake alioanika. Nilimwosha kwa adabu zote, hata vidole vya miguu nilivipitia kimoja kimoja.

Kisha nyumba ikaungua. Haikuungua sana, lakini Nasra alipiga yowe la kweli, na mama hachagui yowe. Nikazivua glavu nikazitupa kitandani, nikakimbilia jikoni. Kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kinawaka juu ya jiko la gesi. Nikakitumbukiza kwenye beseni la vyombo.

"Ni kitambaa tu," Mama Hiza akasema, moshi bado umetanda. "Rudi kwa mgeni wako."

Nikarudi mbio, nikijua nimemwacha Bi Mwanjaa ubavu mmoja umeanza kuoshwa na mwingine haujaguswa, mikono ya Shangazi imeganda hewani. Glavu zilikuwa zimelala kitandani, tupu. Kwenye kioo, mikono myeupe ilikuwa inaendelea na kazi.

Ilimaliza ubavu wa kulia. Ikasita kidogo. Ikampigapiga Bi Mwanjaa begani mara mbili, taratibu, ndipo ikamgeuza.

Hilo la begani ni langu. Halimo katika vitabu, na mama mdogo hakunifundisha. Ni tabia niliyoizua mwenyewe, kama vile ninamwambia marehemu, dada, sasa tunageuka, usishtuke. Sijawahi kumweleza mtu. Na sasa naiangalia inafanywa na mpira, kwa upole ule ule, mimi nimesimama mlangoni na mikono inayonuka moshi.

Nikavaa glavu moja, nikakunja ngumi. Shangazi hakukunja ngumi. Nikapunga mkono huku na huku kama mwendawazimu. Shangazi alikuwa anachota maji ya mwisho, yale yenye karafuu maiti, na aliyachota vizuri. Niliogopa. Nilijiona nimeibiwa, na hapo hapo nikajiona mwizi, kwa sababu maiti aliyekuwa pale niliapa kumwosha kwa mkono wangu.

*

"Tangu lini?" nikamuuliza msimamizi wetu, Shekiondo. Nilimpigia kwa picha ili anione uso.

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo nampa haki yake. Alijifuta paji la uso. Nyuma yake kulikuwa na jiko lake na watoto wawili wakigombania kijiko, kwani naye anafanyia kazi nyumbani kama sisi wote.

"Tangu masika," akasema. "Mtandao ulizidiwa, Bi Mwantumu. Mnainua mkono nyinyi, unafika kule umechelewa. Kuna marehemu tulimwangusha. Ulitaka tuendelee kuwaangusha? Mashine ilikuwa imewatazama nyinyi miezi mingi, ilishajua. Tukaiacha ifanye yenyewe."

"Na glavu mmetuacha tuvae za nini?"

"Kwa sababu watu wanauliza nani ameosha. Nyinyi mkiulizwa mnajibu bila kigugumizi, na watu wanatulia. Wakijua ni mashine peke yake, kesho kila nyumba ina ndoo. Si umewaona wa jengo lenu?"

"Mashine hainuii, Shekiondo."

"Wewe unanuia, yenyewe inamimina. Mimi si sheikh, lakini naona kuna mtu hapo."

"Hapo hakuna mtu. Nilikuwa jikoni nazima moto!"

Akacheka kidogo bila kutaka, kisha akafunika uso kwa mikono. "Sikukudanganya kwa raha. Mama yangu naye alipita pale, mwezi uliopita."

"Nani alimwosha?"

"Sikuuliza," akasema. "Tafadhali, usimwambie mtu mwingine."

Nilikata simu nikiwa na hasira naye, na hasira ile haikuwa na pa kukaa, kwa sababu alichosema kuhusu ndoo ni kweli. Ningemwambia Tunu, Tunu angewaambia wa roshani ya juu, nao wangewaambia wa jengo la pili, na kabla ya wiki kwisha kungekuwa na akina Bi Sauda kila ghorofa. Ningenyamaza, ningekuwa nimekula yamini ya uongo juu ya maiti ya jirani. Nilizunguka chumbani humo mpaka Nasra akaja kuniuliza kama kazi imekwisha, maana kitenge bado kiko mlangoni.

*

Nilimkwepa Tunu kwa kadiri mtu anavyoweza kumkwepa jirani wakati wote wawili hawaruhusiwi kutoka. Nilianika nguo ndani. Nilijifanya naumwa kichwa. Yeye hakunikwepa. Aliimba tena, nilimsikia akipika, na Riziki alirudi kwenye masomo yake ya famasia, anakariri majina ya dawa kwa sauti ya juu. Walikuwa wanapona.

Siku ya tatu alininasa nikimwagilia kopo langu la mchicha.

"Sijakushukuru, dada. Nimelala vizuri kwa ajili yako. Uso wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa umetulia," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

"Na mwili? Alikuwa baridi sana? Mama alichukia baridi. Nimekuwa nikiwaza, sijui alipata maji ya moto au ya bomba."

Ningeweza kusema yalikuwa ya vuguvugu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama mikono anapouliza, mikono hii yenye udongo wa mchicha, anaitazama kwa mapenzi.

"Sijui, Tunu," nikasema. "Sikumgusa."

Nikamweleza yote, jiko, glavu kitandani, Shekiondo. Alisikiliza ameshika nondo. Nilimngojea apige kelele, na nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza.

"Nilikuapia."

"Umeapa wewe, halafu nalipa mimi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Nilikuwa nimelala, dada. Nilikuwa nimeshaanza kulala. Sasa hili nilipeleke wapi? Amezikwa, siwezi kumtoa nikamwosha upya. Wewe umeutua mzigo wako, umekuja kuniwekea mimi mlangoni."

Nilichoweza kusema ni, "Tafadhali, usimwambie mtu mwingine," na nikajisikia nilivyofanana na Shekiondo, hata pumzi zilikuwa za kwake.

"Sitamwambia mtu," Tunu akasema. "Ila na mimi nakuambia lako. Riziki akipatwa, kituo siwapi. Siwapi kabisa."

Akaingia ndani akafunga mlango wa roshani, joto lote lile.

*

Riziki alipatwa. Nilijua siku majina ya dawa yalipokoma upande wa pili na kikohozi kikaanza. Ilikuwa wajibu wangu kutoa taarifa, sheria inasema hivyo, na bango la sheria liko kwenye kila lifti. Sikutoa. Nilishasema vya kutosha. Niliacha chupa za maji ya chumvi na sukari zipite kwenye nondo, na Tunu alizichukua bila kunitazama. Mara moja tu alisema ahsante.

Kisha asubuhi moja, Nasra akiwa anapiga mswaki, ukuta ukagongwa.

Tunu alikuwa amesimama pale pale alipokuwa amesimama siku ya mama yake. Nywele hazikuchanwa. Ndoo ilikuwa imejaa.

"Amekwenda," akasema.

Nililia. Riziki alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa anacheka vibaya, kama jogoo, na nilimpenda. Nilipopata sauti nikasema, "Napiga kituo."

"Piga. Watakuta nimeshamaliza."

"Utakufa, Tunu."

"Basi njoo wewe. Mikono unayo."

Alisema hivyo bila kunikejeli. Alikuwa ananiomba, jirani kwa jirani, kama watu walivyokuwa wakiniomba zamani, kabla ya nyaya. Na mimi nilijua kwamba peke yake, asiyejua kitu, angejimwagia maji yale mwili mzima. Aliyejua angeweza kumkinga. Nilijua pia kwamba laiti ningenyamaza siku ile ya mchicha, saa hii angekuwa ameshapiga simu, na Riziki angeoshwa na Shangazi, na Tunu angelia tu akapona.

Nikamwambia anisubiri.

Mama Hiza alikuwa ameshasikia, ukuta ni ule ule. Alinikuta jikoni natafuta glavu za kuoshea vyombo na aproni ya plastiki.

"Ukivuka hilo kufuli hurudi," akasema.

"Najua, mama."

"Una mtoto."

"Najua."

Alinitazama nikifunga aproni. Nilitaka anizuie. Angenishika mkono tu, ningekaa, na ningemlaumu maisha yangu yote. Hakunishika. Alichukua chupa ya klorini chini ya sinki akanipa.

"Nasra nitamwambia nini?"

"Mwambie niko kazini."

"Kazini kwako ni chumba cha pili, Mama Nasra. Mtoto si mjinga."

Nasra alikuwa bafuni bado, povu mdomoni. Nilimwangalia kupitia uwazi wa mlango. Sikumbusu, kwani ningembusu nisingeondoka.

Kila mlango wa mtaa wetu una kufuli linalosoma bangili ya mkazi. Nilipoweka mkono, sauti ya kike, laini kama ya mtangazaji wa asubuhi, ikasema: "Mkazi, ukivuka kizingiti hiki na kuingia nyumba nyingine, utahesabiwa wa nyumba hiyo mpaka mtaa ufunguliwe." Ni lini mtaa utafunguliwa, sauti haikusema. Nikavuka. Nyuma yangu taa ya mlango wangu ikageuka nyekundu.

*

Nilimfunga Tunu vitambaa usoni, nikamvika mifuko ya plastiki hadi viwikoni, nikamweka kichwani kwa Riziki, mbali na maji. "Kazi yako ni kumshika kichwa," nikamwambia. "Usiguse kingine." Nikatia klorini kwenye beseni la kupokelea maji. Nikanuia.

Nikamgusa. Alikuwa na joto.

Nilirudisha mkono. Nikamwekea kioo puani, nikasikiliza kifua, nikahakikisha mara ya pili na ya tatu. Alikuwa amekufa, tena kitambo. Kumbe wa Homa Kavu hubaki na joto, kama chapati iliyofunikwa. Wote niliowaosha, au niliodhani nimewaosha, walikuwa na joto hilo, na kamera haina habari ya joto. Nikamjibu Tunu swali lake la siku ile. "Mama hakusikia baridi," nikamwambia. "Huyu hapa, mguse kipaji." Akamgusa, na ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, hata mabega yakatikisika.

Nilimaliza ubavu wa kulia. Mkono wangu ukaenda wenyewe begani, ukampigapiga mara mbili. Nikasimama. Sikujua tena kama hiyo ilikuwa tabia yangu au nilikuwa namwiga Shangazi. Tunu akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, tunageuka.

Nywele za mwanamke husukwa misuko mitatu, na Riziki alikuwa na nywele nyingi zenye maji. Kwenye msuko wa pili glavu ya jikoni ikapasuka kwenye kidole gumba. Niliona. Nilihisi unyevu ukiingia. Nikatazama kidole, nikamtazama Tunu aliyekuwa amefumba macho anamsomea mdogo wake, nikamaliza msuko wa tatu.

Halafu nikapiga kituo mwenyewe. Wakaja na mavazi yao ya njano, wakamchukua Riziki akiwa tayari ameshavikwa sanda. Mmoja wao alitazama misuko iliyokuwa inaonekana kabla hawajamfunga kwenye mfuko, kisha akanitazama. Wakanyunyiza dawa, wakafunga mlango kwa nje, wakaandika juu yake watu wawili.

Homa Kavu huanzia kwenye ulimi. Unakuwa mkavu na mzito, kama umekula korosho mbichi, na maji hayausaidii. Wangu ulianza asubuhi ya siku ya nne. Nilipomwambia Tunu, alitikisa kichwa. Wa kwake ulikuwa umeanza jana yake, hakutaka kunitisha.

Tulikuwa tumekaa sakafuni, migongo ukutani, ndipo nikasikia ukuta ukigongwa kidogo upande wa pili.

"Mama?" Nasra alikuwa ameweka mdomo karibu kabisa. "Umemaliza kazi?"

"Nimemaliza."

"Bibi anasema bado. Unarudi lini?"

Tunu aligeuka akanitazama. Nilidhani atasema kitu. Alinishika mkono, mkono mtupu kwa mkono mtupu, akasubiri na yeye kusikia.

"Kesho," nikasema.

"Kesho asubuhi au kesho jioni?"

Nikameza, hapakuwa na kitu cha kumeza.

"Asubuhi, mwanangu."

Akapiga makofi ya furaha, nikamsikia akikimbia kwenda kumwambia bibi yake.